Daraja

Barua ilikuja na gari la posta mwezi Oktoba,
pamoja na katalogi ya mbegu na bili ya umeme.
Karatasi moja tu, muhuri wa mamlaka ya dawa:
kuanzia tarehe mosi mwezi ujao
vidonge vya parasetamoli vinapandishwa daraja,
havitauzwa tena katika duka la vyakula.
Niliisoma nimesimama, kati ya maziwa na betri.

Daraja. Mimi nalijua moja,
la chuma, juu ya mto wetu,
linalotetemeka barafu inapopasuka Mei.
Ukilivuka, kilomita tisini na nne za misonobari
hadi kwa mfamasia wa karibu,
ambaye Jumapili hakujui.

Wiki ile mashine ya kahawa haikupoa.
Hjördis, ambaye magoti yake hutabiri theluji kuliko redio,
aliuliza kama huko Stockholm yupo mwenye magoti.
Evert akapiga hesabu: paketi moja ya vidonge,
lita kumi na tano za petroli.
"Shoka unauza," akaniambia, "na sumu ya panya.
Hizo ziko daraja la ngapi?"
Tukacheka. Mimi nilicheka kuwapita,
duka ni langu, na kicheko huuza kahawa.

Sixten hakucheka.
Alikuwa kwenye rafu ya mikate
akisoma tarehe ya mkate anaoununua kila Alhamisi.
Tukazimika mmoja mmoja,
kama madirisha ya kijiji usiku wa manane.

Ylva wake alikuwa na miaka kumi na sita.
Alikuja dukani, Machi, amevaa kofia ya baba,
akaweka kauntani lakirisi, soksi za sufu, paketi za vidonge.
Nikamwuliza, "Mafua?"
Akasema, "Nyumba nzima."
Nikampa chenji.
Nikamwambia awasalimu.

Daktari alieleza baadaye, polepole,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani:
dawa hii haina haraka.
Siku ya pili mgonjwa aweza kukaa kitandani, akaomba supu,
akajuta, akazungumzia mtihani wa Ijumaa.
Ini ndilo lisilosikia majuto.
Husemwa huzuni hukata maini.
Kwake haukuwa msemo.

Ofisini walikoandika barua hakuna aliyemjua.
Kwao alikuwa kitone kwenye mstari unaopanda,
kitone kati ya vitone,
na mtu fulani, mwenye miwani labda, na kikombe cha chai,
aliutazama mstari ule muda mrefu
kuliko nilivyomtazama Ylva.

Tarehe thelathini na moja, jioni, nilizitoa paketi rafuni.
Kumi na moja. Nikazifunga kwenye sanduku la ndizi.
Nafasi yake nikaweka mishumaa, kisha nikaiondoa,
nikaweka nyuzi za kushonea.

Hjördis hana gari. Usiku wa Januari
nasikia fimbo yake ikipita chini ya dirisha,
kwenda, kurudi, kwenda,
maana akilala maumivu humlalia juu.
Evert bado ana hasira, na hasira yake ina haki:
aliyeandika barua hakuandika basi.

Basi ni mimi.
Kila Jumanne ya pili navuka daraja.
Mfamasia ni kijana, Aurelian, mgeni wa Romania,
Kiswidi chake kisafi kuliko changu.
Mara ya kwanza aliishika paketi, hakuiachia.
"Ni za nani?" akauliza.
"Anatumia dawa gani nyingine? Anaishi peke yake?
Analala?"

Nilijibu yote. Sauti ilinikwama kwenye la mwisho,
akadhani nina mafua.
Nyuma yangu foleni ikakohoa, ikatazama saa.
Nilitamani aulize tena.